Fungu la Kulwa

Dada yangu Doto alipozikwa pale Igalula, katekista Hilari alisoma wasifu wake kwa dakika chache. Paskazia Doto, amezaliwa hapa, amebatizwa hapa, amepata kipaimara, amefanya biashara stesheni, ameugua moyo, amepasuliwa Dar es Salaam, amefariki njiani kwenda Tabora. Wanajumuiya wakaitikia sala, tukatupa udongo. Hapakuwa na neno la uongo. Lakini yeyote aliyemfahamu Doto anajua kwamba huwezi kusimulia maisha yake bila kumtaja Kulwa, na mimi ndiye niliyeishi na hao wawili chini ya bati moja, ingawa Kulwa sikumtia machoni hata siku moja.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha. Kulwa alitangulia kutoka, kwa hiyo ndiye mkubwa. Surua ilimchukua wakiwa bado wanavalishwa nguo za kufanana na kulazwa mkeka mmoja. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, na kwa kuwa kwetu mtoto anayewafuata mapacha huitwa Shija, nikaitwa Shija. Nilibatizwa Mektilda, lakini hakuna anayeniita hivyo isipokuwa padri na watu wa serikali. Hata jina la nyumbani, basi, nililipata kwao.

Nyumbani kwetu pacha akifa haliliwi. Inasemwa ameenda kuteka maji, na aliyebaki anaendelea kupewa kwa ajili ya wawili, mwenzake asije akamwonea uchungu na kumwita. Mama yetu, Josepha, ni Mkatoliki asiyekosa rozari, lakini jambo hili alilishika kama alivyolishika kutoka kwa mama yake, na hakuona kwamba vinagongana. Kila alipopakua chakula alipakua na cha Kulwa kwenye kibakuli cha bati cha bluu. Alipokata kitambaa cha gauni la Doto alikata na la Kulwa. Chakula kilikaa hapo mpaka tumalize kula, ndipo nilipopewa mimi. Gauni lilikaa sandukuni mpaka Sikukuu ipite, ndipo nilipovalishwa mimi.

Wengine huniambia nilikuwa na bahati, nilikula mara mbili. Hawajui ladha ya ugali uliopoa. Doto alikula wake wa moto, na Kulwa, ambaye hakuwa na mdomo, naye aliwekewa wa moto.

Doto mwenyewe hakuwa na choyo. Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, mwepesi, na tulipoanza kuuza stesheni alinishinda mbali. Treni ya kutoka Kigoma ikisimama, yeye alikwisha fika mabehewa ya mbele na beseni la matobolwa kichwani na chupa za asali kwapani, mimi bado naomba samahani kwa watu. Abiria walimwita kwa jina. Matobolwa yake yalikuwa makavu kama inavyotakiwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikilegea mdomoni vinatoa sukari. Akipasua sega jipya, tone la kwanza lilidondoshwa chini. La Kulwa. Nilikuwa namtazama akilidondosha kwa uangalifu ule, na nilitamani siku moja anidondoshee mimi kitu kwa uangalifu huo.

Alichumbiwa na Luhende, kijana wa genge la reli. Luhende alikuja na doti moja ya khanga. Mama akairudisha, akamwambia alete mbili. Akaleta mbili. Akaleta viatu, akaambiwa jozi mbili. Mwishowe, ilipofika kwenye kitenge cha harusi, alivua kofia akasema kwa adabu, "Shikamoo mama. Mimi nilikuja kuoa mtu mmoja, sikuja kufungua bweni." Akapanda treni, hakurudi. Doto alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu Luhende nilimpenda mimi, na mimi ningemgharimu doti moja tu.

Ugonjwa ulianza kwa pumzi. Alianza kuchelewa kufika mabehewa ya mbele, kisha akawa anasimama katikati ya jukwaa na beseni lake, akingoja abiria wamfuate. Miguu ikavimba. Tabora walimpima wakatupeleka Dar es Salaam, kwenye hospitali ya moyo, na huko daktari akatuchorea kwenye karatasi. Alisema moyo una milango, na mmoja wa Doto uliharibiwa na homa ya utotoni, ile inayoanzia kooni. Watafungua kifua, wataweka mlango wa chuma. Mlango huo utakuwa na mlio. Na kwa sababu damu hupenda kuganda kwenye kitu kigeni, atameza vidonge vya kuizuia isigande maisha yake yote, bila kuruka.

Mimi nilisikia ugonjwa wa koo. Doto alisikia mlango.

"Homa hiyo ni ya mwaka gani?" akamuuliza daktari.

Daktari akasema huenda alikuwa mtoto mdogo. Doto akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la jambo alilolitafuta siku nyingi.

Nilifunga. Nilisali novena. Nilitoa damu, na damu yangu ikaingia mwilini mwake. Nililala kwenye sakafu ya sebule ya binamu yetu Mbagala na kila siku nikafika wodini kabla ya watu wote. Siku aliyoamka vizuri akanishika mkono.

"Shija, sogeza sikio."

Nikasogeza. Chini ya bandeji palikuwa na mlio mdogo, kama saa ya ukutani inayosikika kutoka chumba cha pili.

"Unasikia?"

"Nasikia. Ndiyo hiyo valvu ya chuma aliyotuambia daktari."

"Daktari anajua yake. Huyo ni Kulwa. Kazunguka nje miaka yote hii, sasa kafunguliwa."

Akalala usingizi, uso umetulia. Mimi nikabaki nimekaa na rozari mkononi.

Kitanda cha pili alilala Mwanne, mama muuza mchele wa Kaliua, aliyepasuliwa upasuaji ule ule wiki ile ile. Mwanne aliuogopa mlio wake. Aliamini ni hesabu, kwamba kila ukigonga umepunguza kitu. Alijifunga khanga kifuani mara mbili asiusikie, na aliamini kifua kilichokwisha kufunguliwa hakifungi tena sawasawa, kwa hiyo hakutaka kusimama, hakutaka kukohoa kama walivyomwagiza, hakutaka hata kunyanyua kikombe. Homa ya mapafu ikamwingia. Doto, wakati huo, alikwisha tembea mpaka dirishani. Wauguzi walimtumia kama mfano. Alikuwa anajiburuta na mipira yake mpaka kitandani kwa Mwanne, anakaa, anamtania.

"Wewe umewekewa saa. Mimi nimewekewa mtu. Ndiyo maana sichoki."

"Usinichekeshe, mwenzangu, nitafunguka," Mwanne alijibu, ameshika kifua, na huku anacheka.

Mpaka Mwanne akasimama. Muuguzi akamuuliza Doto anapata wapi nguvu zile, watu wa umri wake wengi hukaa siku nyingi kitandani. Nilikuwa nimesimama pale pale, ndoo ya uji mkononi. Akasema, "Kulwa ananishika." Hakunitazama. Sidhani alikusudia kuniumiza, ndivyo alivyoona. Nami siwezi kusema alikosea kabisa. Nimewaona wengine waliorudi na moyo mpya wakajiweka kama mayai mpaka miguu ikanyauka. Doto aliamini hayuko peke yake, na imani hiyo ilimwinua. Ila ilikuwa imani isiyokuwa na nafasi yangu.

Tulirudi Igalula. Kila tulipokwenda Tabora kupima, kuona damu inaganda upesi kiasi gani, majibu yalikuwa mabaya. Damu ilikuwa nzito. Nesi Adelina wa kliniki akauliza kama anaruka siku. Doto akaapa haruki, na hakuwa mwongo. Wakaongeza dozi. Bado. Wakauliza anakula nini, mboga gani. Bado.

Asubuhi moja nilimpelekea chai kabla hajatoka chumbani. Nilimkuta amekaa kitandani, kidonge kiganjani, anakibonyeza kwa kucha za vidole gumba mpaka kikakatika. Nusu akaitia mdomoni. Nusu akaitia kwenye kibakuli cha bluu, akaongeza maji. Yale maji nilikuwa namwona akiyamwaga kizingitini kila siku jua likichomoza. Alikuwa akimwaga maji ya Kulwa tangu tukiwa wasichana, sikuwa na sababu ya kuyachungulia.

"Dada, hiyo nusu unampa nani?"

"Unajua ninayempa."

"Kulwa haumwi."

"Anakaa ndani ya moyo unaoumwa, halafu yeye haumwi?" Akaninyooshea kidonge kingine. "Tazama mwenyewe. Wenye kiwanda wamekichora mstari katikati. Kama hawakutaka kigawanywe, mstari wa nini?"

Ni kweli, vidonge vile vina mstari. Nilimweleza kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Nilimsomea Maandiko. Nilimwambia roho za marehemu ziko mikononi mwa Mungu na hazihitaji dawa za duka. Alinisikiliza kwa upole, na kesho yake akakata kidonge. Nikaanza kumkatalia kibakuli, nikakificha, naye akaacha kula kabisa mpaka mama akanilazimisha nikirudishe.

Tulipokwenda kliniki nilimsemea kwa Nesi Adelina, nikitarajia atamgombeza. Hakumgombeza. Aliuliza maswali kuhusu Kulwa: alikufa na umri gani, nani mkubwa. Kisha akasema Kulwa apewe vitamini, na dawa abaki nayo Doto.

"Kulwa hana upungufu wa vitamini," Doto akasema.

Nesi Adelina akaenda kuzungumza na daktari. Aliporudi akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Haya, dada Doto. Ninyi ni wawili, na wote ni watu wazima. Mtu mzima hamezi nusu. Wewe chako kizima, yeye chake kizima, na hakuna kumkatia mwenzio. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Basi. Yale niliyoyalilia kwa miezi, mgeni aliyapata kwa maneno hayo, kwa sababu alimtaja Kulwa na mimi nilikuwa nimemkana. Nikawa muuguzi wa mtu asiyekuwepo. Kila asubuhi nilileta vidonge viwili, nikasimama kuhakikisha kipi kinaenda wapi. Cha Kulwa nilikitia mwenyewe kwenye maji, nikakitazama kikimomonyoka na kuacha rangi. Dawa ile tuliifuata mbali, wakati mwingine nikikosa kula mjini ili niipate, na nusu yake ilikwenda kwenye udongo wa kizingiti. Lakini kipimo kilichofuata kilikuwa kizuri. Na kilichofuata. Adelina akampigia makofi.

Miaka ile ilikuwa mizuri, sitaikana. Doto alirudi stesheni. Mafundi wa reli mpya walimfuata matobolwa. Mwanne alikuwa akipiga simu kutoka Kaliua, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Hamjambo wote wawili?" Doto alifurahi sana kuulizwa hivyo. Mwanne naye alimeza vyake kwa woga ule ule, simu ikilia saa ya dawa anaacha mteja na mchele kwenye kipimo. Aliniambia akichelewa hata kidogo anahisi mlio umebadilika.

Kisha ikaja masika mbaya. Vidonge vilikuwa vinaisha, nikaenda Tabora kama kawaida. Siku ya pili mvua ikasomba tuta la reli, na upande wa barabara mto ukapita juu ya daraja. Nilikuwa na dawa kwenye mkoba na sikuwa na njia. Nilikwenda stendi kila siku, nikarudi. Huko nyumbani vikaisha karibu vyote; Doto akaanza kuruka siku ili wote wawili wapate. Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shija, Kulwa amenyamaza."

Nikamwambia anieleze. Akasema mlio hausikiki kama zamani, umekuwa wa mbali, kama mtu anayegonga na kitambaa mkononi. Nilikumbuka tulivyoambiwa Dar es Salaam, mlio ukififia ni damu imeanza kuganda pale, twende hospitali.

"Dada, mwambie mama atafute watu wakubebe mpaka Goweko au popote gari linapopita. Na vidonge vilivyobaki meza mwenyewe vyote, kimoja kila siku. Kulwa asubiri mpaka nije."

Nilisikia mvua kwenye bati la kwetu, kupitia simu.

"Shija, wewe hujawahi kumpenda Kulwa."

"Sijawahi kumwona."

"Sikusema kumwona."

Nikamwambia ni kweli, simpendi, hajanifanyia lolote la kumpenda, lakini ameze. Akasema sawa, mdogo wangu, akakata.

Yaliyofuata aliniambia mama. Doto aliketi na vidonge vile vichache kiganjani muda mrefu. Kisha akasema aliyenyamaza ndiye mgonjwa zaidi, na isitoshe ni mkubwa, na vitu vikipungua mkubwa hapunguziwi. Akavitia vyote kwenye kibakuli. Mama alikuwa amekaa hapo hapo. Kwake yeye lilikuwa jambo la haki.

Mto ulipopungua niliwasili juu ya lori la mbao, nimelowa, dawa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya blauzi. Doto alikuwa amelala mkekani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja na mkono wa kulia haukuwa wake tena. Nilimwekea sikio kifuani kama alivyoniomba siku ile wodini. Palikuwa na moyo, unapiga kwa shida. Mlio haukuwepo.

Nilisaga kidonge kwenye kijiko. Nilipokipeleka mdomoni akaufunga. Mkono wake mzima ukainuka, ukaonyesha kibakuli. Nilimwomba. Nilimwita kwa majina yake yote. Mkono ukabaki pale, unaonyesha. Wakati huo vijana walikuwa nje wanafunga machela. Basi nikatia dawa ya Kulwa kwanza, kizima, mbele ya macho yake, nikakoroga. Ndipo alipofungua mdomo. Dawa ikatoka tena pembeni, haikupita kooni. Tulimbeba. Kabla ya kufika lami alikuwa amekata roho, machela imewekwa chini, kichwa kwenye mapaja yangu.

Kwenye matanga mama alinikataza kulia, maana Doto ni pacha. Nililia kwa sauti mpaka wakanitoa nje. Watu walikuja na faraja moja, wakiirudia kama waliogawiwa mlangoni: sasa wamekutana, sasa wako pamoja, sasa Doto amepumzika na mwenzake. Nilisema asante. Kila mmoja aliyesema hivyo alinichoma, maana alikuwa ananieleza kwamba yule aliyekuwa akimngoja upande wa pili amempata, na mimi niliyekaa naye upande huu nilikuwa wa kumsindikiza.

Mwanne alikuja kutoka Kaliua. Hakuzungumza mambo ya kukutana. Aliketi karibu nami kwenye jamvi, na watu walipotulia niliusikia mlio wake, wazi, safi, chini ya khanga. Nilimwonea wivu mpaka nikatamani ahame. Alijua ninasikia nini.

"Mimi sina siri, Shija," akasema. "Nimepona kwa woga. Mwenzangu hakuwa na woga hata kidogo."

Ulipotimia mwezi mmoja tangu mazishi mama alinituma parokiani kuandikisha nia ya Misa. Alinisisitiza majina yawe mawili, Kulwa na Doto, kama siku zote. Hata Misa za marehemu wote za Novemba kwetu ziliandikwa hivyo, Kulwa kwanza, ingawa Doto alikuwa hai, maana pacha hatajwi peke yake. Hilari alikuwa mezani na daftari. Alikwisha andika "Kulwa na" kabla sijaketi.

"Futa," nikamwambia. "Andika Paskazia Doto."

"Mmoja tu? Mama yako atasemaje?"

"Mmoja."

Akafuta. Jumapili padri alipotaja jina lile moja altareni, mama alinigeukia benchini, akangoja, akadhani padri ataendelea. Padri akaenda kwenye sala inayofuata. Nilitazama mbele. Kulwa ana Misa zake za miaka yote, na Mungu hajamsahau, hilo naliamini. Lakini ile ilikuwa ya Doto peke yake, na aliyemwombea ni mimi.